Wanja wa Kinyonga

Gari lilikwisha kuwashwa, Mutahhar ameketi juu ya magunia, lakini bado aliinama kumwagiza mdogo wake kuhusu kinyonga.

"Ghalia, asubuhi mweke juani, kwenye mrihani wa dirishani. Majani yanyunyizie maji. Hanywi bakulini huyu, hulamba matone. Na jikoni usimweke."

"Umesema mpaka masikio yanauma, kaka."

"Sikukuu narudi. Nimkute mzima."

Gari likateremka kutoka Jibla, mji wao wa milimani, likielekea Saudia kwenye kazi za ujenzi. Ghalia akabaki na kinyonga begani. Mutahhar alimwokota shambani kwenye mibuni akiwa mdogo kama kidole.

Mwanzoni Ghalia alishika agizo. Kisha baridi ikaja, na jikoni kando ya tanuri kulikuwa na joto na nzi tele. Akamhamishia huko. Kinyonga alipata nzi, ila maji yakasahauliwa, na moshi ukamkaa machoni. Jicho la kushoto likavimba, likafumba.

Ghalia aliogopa kusema. Akachukua wanja wa bibi yake, ule wanaopakwa watoto wote wa nyumba ile macho yakiuma, akampaka kwa kijiti. Binamu yake Hamdan akamwona.

"Bibi harusi huyo mnamwoza lini? Mahari tupokee panzi?"

"Nenda zako."

Mutahhar akapiga simu. "Mzee wangu kinyonga hajambo?"

"Mzima. Anakula mpaka anasinzia."

Kila alipopiga alijibiwa hivyo, na kila baada ya simu Ghalia aliongeza wanja.

Siku moja kinyonga alirusha ulimi, akamkosa nzi aliyekuwa mbele ya pua yake. Akakosa tena. Kisha akaacha kujaribu. Ghalia akamweka mapajani mwa bibi yake, akasema yote huku akilia.

Wakampeleka kwa Daktari Ilham, anayetibu mifugo. Daktari alidondosha maji safi ya vuguvugu, akatoa uchafu mweusi chini ya kope.

"Kiu na moshi vilianza, wanja ukamaliza," alisema. "Ungemleta lilipovimba tu, lingepona. Sasa halioni tena. Kwa jicho moja kulenga kunamwia vigumu, kwa hiyo mlishe kwa mkono."

Njiani bibi akamwambia Ghalia:

"Wanja ni wangu, na mimi ndiye niliyekuzoesha. Lawama hiyo naibeba. Lakini uongo ni wako, mwanangu. Anayeficha ugonjwa anautunza ugonjwa, hamtunzi mgonjwa."

Jioni Ghalia akampigia kaka yake. "Nilikudanganya. Jicho moja limekufa."

"Mlishe," Mutahhar akasema, akakata simu.

Kinyonga alikufa kabla baridi haijaisha, akila mkononi mwa Ghalia hadi mwisho. Alizikwa chini ya dirisha la mrihani. Mutahhar hakupata ruhusa sikukuu ile, wala iliyofuata. Bibi aliutupa wanja. Hamdan anafuga njiwa. Ghalia, shule ikifungwa, humsaidia Daktari Ilham kushika mbuzi; na mwenye mbuzi akisema, "Huyu mzima tu," yeye humfunua mbuzi kope kwanza, akatazama.