Mistari Iliyokataa Kutoka

Alwyn Trevaskis alitumbukiza bodi la kichwa cha treni ya mfano, kidogo cha plastiki, ndani ya bakuli la spiriti, akalifunika, akaenda jikoni kuchemsha chai. Hilo ndilo jambo la kawaida la mwisho kutokea katika nyumba ile ya mjini Ballarat.

Alikuwa amechoka. Tangu mkewe Lorna azikwe, kila treni rafuni ilimwonyesha mkono wa Lorna: Alwyn alipaka rangi, Lorna akachora mistari ya njano ubavuni, myembamba kama unywele. Sasa aliamua kuzibambua zote rangi, azipake nyeusi, apumzike.

Aliporudi, rangi ya kijani ilikuwa imebambuka kama ganda la nyanya iliyochemshwa. Mistari ya njano ilibaki, juu ya plastiki tupu. Aliisugua kwa mswaki mpaka ikatoka. Baada ya chakula cha mchana aliikuta imerudi, mibichi, na chumba cha kazi kinanuka tapentaini, ile ya kuyeyushia rangi, ambayo haikuwamo nyumbani.

Hakukimbia. Siku zilizofuata alibambua, mistari ikarudi. Akazoea kufunga mlango wa chumba kile, kukaa nje yake na kikombe cha chai, na kusikiliza brashi ikigongwa taratibu kwenye ukingo wa gilasi, kama Lorna alivyoigonga. Hapo ndipo usingizi ulipomjia, kwa mara ya kwanza tangu mazishi.

Jumamosi alikuja Stavros Mantzaris, mwenzake wa klabu ya treni ndogo. Alimtania kwamba nyumba inanuka kama gereji, na mwenye nyumba ananuka zaidi. Alwyn akamletea kile kichwa cha treni mezani jikoni, akamweleza yote. Stavros alitoa lenzi, akatazama, utani ukamwishia.

"Lorna alikuwa mtu wa mkono wa kushoto," alisema kwa sauti ya chini.

"Si unajua, bwana."

"Basi mstari wake ulianzia kulia. Mwanzo mnene, mwisho mwembamba. Tazama huu."

Huu ulianzia kushoto.

Ndipo wakausikia mpini wa brashi, kule chumbani, ukigonga gilasi, ukagonga tena, kisha ukanyamaza katikati ya kazi, kama anavyonyamaza mtu aliyesikia anasengenywa, na harufu ya tapentaini ikapita chini ya mlango, ikafuata ukuta wa korido, ikaja kusimama kati yao, karibu kabisa, kama mgeni anayengoja kuvutiwa kiti.

"Huyo si mkeo, Al," Stavros alinong'ona. "Kitie motoni. Kesho nakuja na padri."

"Najua si yeye," Alwyn alisema. "Nenda kapumzike, ndugu yangu."

Asubuhi alifunga geti kwa kufuli. Alishusha treni nyingine rafuni, akaibambua, akaikausha, akaiweka kwenye meza ya Lorna. Kisha akachukua brashi iliyokaa miaka yote upande wa kushoto, akaihamishia kulia.