Pazia la Mwanga Kwenye Presi Namba Mbili

Nokia ilitetema saa nne na nusu asubuhi, ndani ya mfuko wa ovaroli ya bluu.

"Mama wa soko hatarudi nyumbani," ilisema sauti ya mwanamke. "Saa munane. Ataonekana ameanguka yeye mwenyewe."

"Nani anamusukuma?"

"Iko pamoja na weye, mu kazi."

Ikakatika.

Karim aliirudisha simu mfukoni, akaendelea kukaza skrubu. Mwenye sauti ile alimjua kwa jina moja tu, Tatiana. Miaka sita alikuwa akipokea amri zake bila kuona hata kivuli chake. Maana ya maneno aliielewa papo hapo. Godelieve, mwendeshaji wa presi namba mbili, angeuawa saa nane mchana, na mauaji yangeitwa ajali. Muuaji alikuwa mmoja wa mafundi aliokuja nao.

Mafundi walikuwa watatu. Mmoja alikuwa yeye.

Kiwanda kilikuwa nje kidogo ya Kolwezi, kwenye barabara ya Dilolo. Presi zake zilibana vyuma chakavu kuwa marobota, na malori yakayapeleka Angola. Godelieve alikuwa amegundua kwamba kila asubuhi anakuta marobota ambayo hakuyabana yeye, na ukiyachoma kwa nondo yanamwaga unga mweusi. Kobalti ya magendo. Akaiandikia Ofisi, idara ya upelelezi iliyomwajiri Karim, barua kwa mkono wake, kumi na moja kwa jumla. Karim alizisoma zote, peke yake, kwenye chumba cha kupanga kisichokuwa na hata picha ukutani. Godelieve ndiye mtu pekee duniani aliyekuwa akimwandikia Karim, na hakujua kama anamwandikia yeye.

Sasa kuna aliyelivujisha jina la Godelieve.

Wiki hiyo kiwanda kilikuwa kinafungiwa mapazia ya mwanga. Nguzo mbili nyembamba za njano, moja kila upande wa mdomo wa presi, na katikati mionzi isiyoonekana kwa macho. Mkono ukikata mwonzi mmoja, presi inasimama. Karim alikuwa amejifunza kazi hiyo wiki tatu kule Likasi ili apenyezwe hapa kwa jina la Papy.

Mkubwa wao, mzee waliyemwita tata, yaani baba, Godefroid wa Lubumbashi, alikuwa na vidole vinane na hadithi mbili za kusikitisha. Wa tatu alikuwa Gloire, kijana mtanashati, manukato yake yakifika kabla yake.

"Sogeza nyuma!" Godefroid alifoka, mita mkononi. "Presse inachukua muda ya kusimama. Mukono iko mbio. Ukiweka pazia karibu, mukono inafika ya kwanza."

Wakazisogeza nguzo nyuma. Godefroid akapima tena. Halafu akawaonyesha swichi kuu ukutani, zilikoning'inia kufuli tatu nyekundu, kila moja na jina la fundi.

"Ukiingia mu machine, unafunga kufuli yako. Ufunguo inabakia mu mufuko yako. Hata directeur, mukubwa wa kiwanda, hana haki ya kuitosha, ya kuiondoa."

Saa sita waliondoa kufuli zao, wakawasha umeme. Godefroid akachukua kijiti cheusi cha kupimia, akakipitisha juu, katikati, chini, karibu na nguzo hii, karibu na ile. Kila mara taa ya kijani iligeuka nyekundu na presi ikaganda. Mzee akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu.

Gloire akacheka, akauchomeka mkono wake mzima hadi begani.

Nyekundu. Presi ikaganda.

"We mupumbavu!" Godefroid alinguruma. "Nani alikufundisha kupima na mukono?"

"Si inatumika muzuri, tata?"

Karim alihisi baridi mgongoni. Katika wiki zile tatu za Likasi hakumwona fundi hata mmoja akitia mkono, hata kwenye mashine iliyozimwa. Fundi wa mapazia haliamini pazia. Ndiyo maana anabeba kijiti. Kijana huyu aliliamini kama mtu anayejua hasa ni saa ngapi litaacha kufanya kazi.

Kikulacho ki nguoni mwako.

Saa saba na dakika arobaini, Gloire alipokwenda kunywa maji, Karim alifungua kabati la umeme. Akafuata nyaya kwa kipimo chake cha umeme cha Fluke, moja baada ya nyingine. Nyuma ya kifaa cha usalama aliikuta: kiboksi cha ukubwa wa kiberiti, na laini ya simu ndani yake. Ungekipigia simu, kingeidanganya presi kwamba mionzi haijakatwa. Taa ingebaki kijani, mkono uwemo usiwemo.

Presi isiyo na pazia watu huiogopa. Yenye pazia la uongo, wanaiingilia.

"Nimekiona," alinong'ona kwenye Nokia. "Nakitosha."

"Hapana," Tatiana alijibu. "Kamioni ya kobalti iko ku barrière, ku mupaka ya Dilolo. Shoferi anangojea neno ya ule muuaji, ya kama mama amekufa. Bila neno, anarudia njia. Tunapoteza kazi ya mwaka muzima."

"Na mama?"

Karim alichungulia kama Gloire anarudi.

"Nimeuliza, na mama?"

Simu ikakatika.

Karim alikasirika. Kwa miaka sita alikuwa amekubali kila kitu. Dada yake Aicha, mwenye duka la vitenge Fungurume, aliamini kwamba yeye ni dereva Zambia. Juzi alipita mbele ya duka lile akapandisha kioo cha gari. Lakini barua kumi na moja! Akafunga kabati, kiboksi kikiwa bado ndani, akasogea karibu na swichi kuu.

Saa nane kasoro dakika mbili Godelieve alirudi, akifunga kitambaa chake kichwani. Presi ilikuwa ikinguruma. Bati moja lilikwama mdomoni mwake. Akatazama taa: kijani. Gloire alikuwa ameegemea ukuta, kidole gumba juu ya simu.

Godelieve akaingiza mkono.

Taa ikabaki kijani. Chuma kikaanza kushuka.

Karim alikuwa tayari kwenye swichi. Akaivuta chini kwa mikono miwili, akabana kufuli yake. Chuma kikasimama shubiri moja juu ya kiwiko cha mwanamke.

"Eh, fundi! Robota yangu!" Godelieve alipiga kelele, kisha akaangalia juu. Akauchomoa mkono.

Gloire alikuja taratibu, akimsukumia Karim nyuma ya kabati. Chini ya ovaroli, mdomo wa bastola ya Makarov ulimgusa Karim mbavuni.

"Ufunguo, Papy."

"Haujasikia tata? Hata directeur hana haki."

Macho ya Gloire yakashuka kwenye mfuko. Kosa. Spana ya namba thelathini na mbili ikampata kwenye kifundo cha mkono, kisha sikioni. Bastola ikaanguka. Na yeye pia.

Simu ya Gloire ilikuwa bado inawaka. Ujumbe kwa shoferi alikwisha kuuandika, kama mpishi anayepakua kabla chakula hakijaiva: *Mama amelala.* Karim akabonyeza kutuma.

Jibu likaja: *Bien. Naendelea na njia.*

Saa nane na dakika ishirini, Nokia ikatetema. "Kamioni imekamatwa. Batu saba. Toka hapo."

"Natoka."

Watu wawili wa Ofisi walimbeba Gloire kwa Land Cruiser nyeupe. Wafanyakazi wakaambiwa ameangukiwa na spana, jambo ambalo si uongo mkubwa. Godefroid aliking'oa kile kiboksi, akakigeuza kwa vidole vyake vilivyosalia, akamgeukia Karim.

"We hauko fundi," alisema. "Lakini kufuli uliiweka muzuri."

Godelieve alimfuata hadi getini, sahani ya ugali wa bukari na sombe ya majani ya mhogo mkononi. 

"Kula, tata. Nina kwako deni ya uhai."

"Nina haraka, mama."

"Mi niliona mabaya hapa. Nikaandikia bakubwa barua kumi na moja, na hata mutu mumoja hakujibu." Machozi yalimlenga. "Nilikuwa nasema, labda banazitupa. Leo mutu mwenye simujue, mugeni tu, njo ananiokoa."

Karim alitaka kumwambia. Alitamani kuliko alivyowahi kutamani kitu chochote. Barua ya nne ilikuwa na doa la mafuta ya mawese, ile ya tisa aliiandika akiwa na homa. Akavaa kofia yake ya pikipiki.

"Aksanti, mama," alisema.

"Aksanti ya nini? Hata haujakula!"

Akawasha pikipiki, akashika barabara ya Likasi.