Malkia, Sita, Nne

Frrrrp.

Katembo aliisikia sauti hiyo kabla hajamwona mwenye nayo. Alikuwa ameinama juu ya cherehani yake katikati ya soko la Owino, redio tatu zikigombana juu ya kichwa chake, wauza mitumba wakipigana vikumbo kwa maneno, na bado sauti ile ilipenya, kavu na laini kwa pamoja, kama njiwa anayeponyoka mkononi. Frrrrp. Ikanyamaza. Frrrrp tena.

"Fundi, unashona au unasikiliza?"

Akainua kichwa. Mbele yake alisimama msichana aliyevaa gauni la kitenge cha manjano lililomkaa kiunoni kama limemwagwa, suruali mbili nyeusi za mitumba zikining'inia begani. Mkono wake wa kulia ulikuwa ukichezea karata. Ziligawanyika, zikaumana, zikarudi kuwa rundo moja, naye hakuzitazama hata kidogo. Alikuwa akimtazama yeye.

"Karibu, dada. Tupunguze kiuno?"

"Kiuno kiache. Nifungie mifuko."

"Nikufungulie?"

"Nifungie! Yote. Nataka hata shilingi moja isipate mlango."

Jalia, mama wa Kinubi aliyeuza mikanda kibanda cha pili, aliangua kicheko. "Leo fundi amepatikana! Watu wote Owino wanalilia mifuko, huyu anaikimbia."

"Naanza kazi kasino, mama," msichana alieleza. "Nagawa karata. Mgawaji haruhusiwi mfuko. Kamera zinatutazama kuliko bibi harusi."

Kiswahili chake kilikuwa cha Goma. Cha Katembo kilikuwa cha Butembo. Walijuana kwa maneno matatu, kama wanavyojuana wote waliokuja Kampala kutoka Kongo wakibeba lugha kabla ya mabegi.

"Na jina lako?"

"Bibiane."

"Nusu ya jina tayari ni bibi," alisema Katembo. "Nusu iliyobaki niachie mimi."

"Shona kwanza, bwana. Mshono nusu bado ni tundu."

Katembo alikuwa mtu wa kujivuna. Alijivunia mshono wake, alijivunia mashati yake yaliyopigwa pasi mpaka yakakata upepo, na alijivunia kutomkimbilia mwanamke. Siku hiyo alishona mifuko ile polepole sana.

Bibiane akarudi. Kwanza kwa ajili ya kizibao cheusi, kisha kwa ajili ya shati, kisha bila sababu yoyote isipokuwa chakula cha mchana. Walipomaliza kula rolex zao, chapati zilizoviringishiwa mayai, Bibiane alifuta meza ya kukatia vitambaa na kugawa karata. Vifungo ndivyo vilivyokuwa chipu zao, badala ya pesa.

"Hii ni poka ya karata tatu," alisema. "Weka dau."

Katembo akaweka kifungo cha koti.

"Wewe tatu, mimi tatu. Zangu zimelala kifudifudi. Tazama zako. Ukizipenda, ongeza kifungo kingine sawa na cha kwanza. Ukizichukia, tupa, na kifungo chako nakimeza."

"Na wewe ukizichukia zako?"

"Mimi sina kupenda wala kuchukia. Mimi ni nyumba, yaani kasino yenyewe. Nikiwa na Malkia au karata iliyo juu yake, naingia mchezoni, tunapimana. Nikikosa, siingii. Nakulipa dau la kwanza, la pili unarudishiwa."

"Hata kama zangu ni takataka?"

"Hata takataka. Na mimi hukosa karibu mara tatu katika kila kumi. Ndiyo maana waoga hufilisika, fundi. Wanatupa karata ambazo hakuna aliyezishinda."

Akampangia nguvu za mchezo kwa vidole vyake virefu. Jozi, juu yake aina moja, yaani kopa tupu au shupaza tupu, juu yake mfuatano, kisha tatu zinazofanana, na mfuatano wa aina moja juu ya zote.

"Ngoja," Katembo akadakia. "Vijana wa stendi wakicheza, aina moja hupita mfuatano."

"Hao wanacheza karata tano. Kwa karata tatu, mfuatano ndio mgumu kuupata, basi ndio mkubwa. Umeona? Unajua kusikiliza ukitaka."

"Na hizo kubwa zitanijia lini?"

"Utazeeka, mpenzi." Neno hilo lilimtoka kama karata iliyoteleza, naye akalipita haraka. "Robo tatu ya mikono yako, yaani karata tatu unazogawiwa, haitakuwa na kitu. Jozi huja kama mara moja katika sita. Tatu zinazofanana, mara moja katika mia nne na ushee."

"Basi nikiwa sina kitu, nitajuaje kama nicheze au nitupe?"

"Malkia, sita, nne. Hapo ndipo mpaka. Ukiwa nazo hizo au zinazozidi, cheza. Chini yake, tupa. Usisikilize moyo, usisikilize hasira. Hasa wewe."

"Mimi nina hasira?"

"Juzi uliitukana sindano."

Jalia alicheka mpaka akadondosha mkanda.

"Na nikifuata mpaka huo nitawashinda?"

"Hutawashinda. Utapoteza polepole tu. Nyumba ina sehemu yake ndogo katika kila dau, na nyumba haichoki. Usije ukapeleka hela ya cherehani kule."

Siku moja, akimpima mabega ya kizibao cha pili, Katembo aliusahau utepe shingoni mwake. "Bibiane, nataka nikuoe."

Kwa mara ya kwanza tangu wajuane, karata zilitulia mkononi mwake. "Jibu langu nitalitoa mbele ya mama yako," alisema. "Neno kama hilo halisemwi kati ya vifungo."

Jumapili baada ya misa Bibiane akaenda Katwe, nyumbani kwa Mama Emérence, mama yake Katembo. Alivaa gauni jeupe lenye ukosi wa lesi, na viatu alivyovivua mlangoni bila kuambiwa. Mama alikuwa ametandika meza kwa kitambaa cha harusi yake mwenyewe. Fufu ilikuwa imevimba vizuri, sombe ya majani ya muhogo imeiva na mawese, samaki amelala mzima kwenye sinia. Bibiane alikula kama mtu wa nyumbani. Katembo hakuhisi ladha ya chochote.

Mama akanawa, akaweka mikono juu ya meza. "Sasa, mama," akamwambia msichana kwa upole, "mwanangu anangoja neno lako. Nami pia."

Bibiane akafungua kinywa. Simu ikalia. Akaitazama, akasimama. "Samahani, mama. Kazini wananiita mara moja, mwenzangu ameanguka."

Kisha akafanya jambo la ajabu. Alinyoosha mikono juu ya meza ya mama, akapiga kofi moja jepesi, kiganja kwa kiganja, akavionyesha viganja vyake vitupu, akavigeuza, na kutoka. Bodaboda iliunguruma nje, ikaondoka.

Mama Emérence aliutazama mlango. Aliuza samaki sokoni tangu ujana wake, na mikono ya wateja aliijua kuliko midomo yao. "Mwanangu," alisema, "mtu akikupigia kofi na kukuonyesha viganja vitupu, hanunui. Amekung'uta mikono yake. Kwetu sisi hana chake."

Na Katembo, mwenye kujivuna, akaamini.

Jioni ile simu ya Katembo iliita; alikuwa Bibiane. Hakuipokea. Iliita kesho yake, asubuhi na mchana, ikitetemeka kati ya vifungo. Akaifunika kwa kitambaa. Kisha ikaacha kuita, na kimya hicho kikamuuma kuliko mlio wake. Mashati yake yalianza kutoka na mikunjo. Alishona mkono wa kushoto upande wa kulia.

"Wewe, ssebo," Jalia alimwita, mikanda ikimning'inia shingoni, "fundi gani anakata kitambaa kabla ya kupima?"

"Alijibu kwa mikono yake, mama. Niliona kwa macho yangu."

"Mdomo wake ulisema nini?"

"Mdomo haukusema."

"Basi hujajibiwa! Umetupa karata bila kuzitazama, halafu sura unanikunjia mimi. Nenda kamuulize, nipumue."

Akaenda alasiri, amevaa koti lake la kijivu. Ndani ya kasino hapakuwa na dirisha wala saa. Palikuwa na zulia jekundu lililomeza nyayo, harufu ya kahawa na moshi wa jana, na mashine zinazoimba zenyewe. Bibiane alikuwa kwenye meza ya pembeni, kizibao cheusi alichokishona Katembo kimemkaa sawasawa. Kiti kilikuwa wazi. Katembo akaketi na kuweka chipu moja pasipo kuwaza, naye Bibiane, macho yakiwa kwenye mashine ya kuchanganyia, akagawa.

Ndipo alipoinua uso. Akamwona Katembo. Karata zilikuwa zimeshatoka, na mkono ukishatoka lazima umalizwe.

Katembo akainua zake. Malkia wa kopa. Sita ya shupaza. Tano ya kopa. Hapana jozi, hapana mfuatano, hapana kitu. Hasira yake ikamwambia, tupa, ondoka, una cherehani yako.

"Unacheza au unatupa, bwana?" Sauti ya Bibiane ilikuwa ya kazini.

"Nacheza."

Akaongeza chipu ya pili. Bibiane akafunua zake: Jeki, tisa, tatu. Hakufika hata Malkia. Akamlipa dau la kwanza, akamrudishia la pili. Kisha, badala ya kuzikusanya karata, akainua mkono na kumwita msimamizi.

"Ninamfahamu mchezaji huyu," alisema kwa sauti iliyosikika meza ya jirani. "Sheria hainiruhusu kumgawia."

"Unamfahamu vipi?" msimamizi akauliza. "Jirani? Ndugu?"

Katembo alisogea ukingoni mwa kiti.

"Mchumba wangu," alisema Bibiane. "Kama bado ananitaka."

Mgawaji wa meza ya pili, kijana mrefu aitwaye Ulrich, akaitwa kushika nafasi yake. Kabla ya kuiacha meza yake, Ulrich alipiga kofi moja, akaionyesha dari viganja vyake, akavigeuza. Bibiane akafanya vivyo hivyo, akatoka. Mwanamke wa meza ya tatu naye, akienda mapumzikoni: kofi, viganja, geuza.

Katembo aliinua macho darini. Kamera nyeusi ilikuwa ikimtazama bila aibu. Kitu kizito kilichokaa kifuani mwake tangu Jumapili kikateremka, kikayeyuka, na akacheka peke yake mezani kama mlevi.

"Kaka, unaendelea?" Ulrich aliuliza.

"Nimetosheka, ndugu yangu. Nimetosheka kabisa!"

Alimkuta nje, kwenye ngazi, amejikunja ndani ya kizibao chake.

"Kwa hiyo simu zako zina ugonjwa," alisema Bibiane bila kumtazama.

"Ulipiga kofi, Bibi. Ukamwonyesha mama viganja."

"Nilipiga wapi?"

"Juu ya sombe yake!"

Bibiane akafunika mdomo kwa mikono miwili. "Yesu wangu! Mezani kwa mama? Katembo, nafanya hivyo kila nikiinuka mezani. Hata kanisani nimefanya. Ni kuionyesha kamera kwamba sijaiba. Walinifundisha mpaka mikono ikawa haina akili."

"Mama anadhani umemkung'uta."

"Mpigie. Mpigie sasa hivi!"

Akapiga, akaweka spika. Bibiane akaeleza, akajikwaa, akaeleza tena. Upande wa pili kicheko kikaanza chini kabisa na kupanda, kicheko cha mwanamke aliyetua mzigo.

"Kumbe unaogopa kwamba nitakuhesabia vijiko!" Mama Emérence alipaza sauti. "Haya, mama. Na lile neno?"

"Ni ndiyo, mama. Ilikuwa ndiyo tangu mlangoni. Lakini kazi yangu siiachi."

"Kazi nilikuuliza saa ngapi? Njoo ule, fufu yangu inakungoja."

Simu ikakatika. Katembo akasogea kumkumbatia, lakini Bibiane akamzuia kwa kidole kimoja kifuani.

"Bado. Nililia juu ya mto wangu kwa sababu ya kofi, Katembo. Kofi moja! Ungepokea simu, ningekueleza kabla chai haijapoa. Mimi siolewi na mtu anayenyamaza. Niahidi. Na uahidi kwa sauti, si kwa macho hayo."

Askari wa mlangoni aligeuka kusikiliza. Madereva wawili wa boda wakazima injini. Kiburi chote cha Katembo kilitazama kushoto, kikatazama kulia, kikakosa pa kujificha.

"Bibiane," alisema, akipaza sauti mpaka ng'ambo ya barabara, "nikiona jambo nisilolielewa, nitakuuliza. Na simu yako nitaipokea, hata siku nitakayokuwa na hasira. Siku hiyo nitaipokea upesi zaidi."