Kompyuta Zilizovishwa Vitambaa

Kila asubuhi mama alimkagua Meneja mlangoni. "Una tongotongo jicho la kushoto," alimwambia. Au, "Hiyo shingo umeiosha, au umeionyesha maji tu?" Meneja alinuna, akajifuta, akatimua mbio kwenda shule.

Jina la Meneja alipewa na wenzake wa klabu ya kompyuta, maana hata penseli ikianguka yeye huitisha kikao. Basi klabu ilipoandaa kongamano la teknolojia la siku mbili kwa shule za jirani, nani mwingine angeliongoza?

Ijumaa wageni themanini walijaa ukumbini. Mbele kulikuwa na kompyuta kumi, kila moja imevishwa kitambaa cha maua na kubandikwa karatasi: USIGUSE. Meneja akashika kipaza sauti, akahutubia kuhusu historia ya kompyuta saa nzima na ushee.

Jioni akafungua sanduku la maoni. Kadi ya kwanza: "Nilikuja kuona kompyuta, nimeona vitambaa." Ya pili: "Dada wa kipaza sauti ana betri isiyoisha." Ya tatu: "Huku nyuma tumesikia mbu tu." Karibu zote ziliimba wimbo huohuo. Tatu tu ndizo zilizosifu. Meneja akazisukumia zile chungu ndani ya mkoba wake.

"Wamesemaje?" mwalimu wa kompyuta akauliza.

"Wamefurahi, mwalimu! Soma mwenyewe." Akampa zile tatu.

"Hongera! Basi kesho tuendelee vivyo hivyo."

Jumamosi wakaja wageni kumi na wawili. Viti vitupu vilimkodolea Meneja macho.

"Walifurahi, halafu wakakimbia?" Mwalimu alijikuna kichwa. "Hali ikiwa hii, itabidi tulifunge kongamano."

Meneja akafungua mkoba. "Mwalimu, nilikudanganya. Maoni yenyewe ni haya."

Mwalimu akasoma kadi moja moja. Alipofika kwenye betri, akaangua kicheko. Kisha akakaza uso. "Kunificha si jambo dogo. Nani ataomba radhi?"

"Mimi."

"Na vitambaa?"

"Navivua mwenyewe!"

Mwalimu akawapigia simu walimu wa jirani, na Meneja akasema kwa sauti yake: "Samahanini. Jana nilizungumza peke yangu. Leo njooni mguse." Viti vikapangwa kuzizunguka kompyuta. Zile karatasi zikageuzwa, zikaandikwa GUSA. Kila hotuba ikapewa dakika tano, na mpishi wa shule akasimama pembeni na sufuria na mwiko, tayari kumkatiza mwenye maneno mengi.

Kufikia saa nne ukumbi ulifurika. Msichana mmoja alimchora kuku kwenye kompyuta, akamchezesha mpaka watu wakashika mbavu. Meneja alipoanza, "Hapo zamani, kompyuta ya kwanza..." sufuria ikalia kwaa! kabla hata ya dakika moja. Yeye ndiye aliyecheka kuliko wote.

Wageni walipoondoka, mwalimu alimwita. "Umeona, mwanangu? Anayekwambia una tongotongo hakuchukii, anataka uone vizuri. Ukificha kasoro, inabaki palepale. Ukiikubali, unapata pa kuanzia kuitengeneza."

Meneja akamkumbuka mama yake pale mlangoni, akatabasamu.

"Basi mwalimu, kwa kuwa sikuchukii: tangu saa nne umebandikwa karatasi ya GUSA mgongoni."