Jiko la Shosho Kananu

Dawa ilikuwa bado inachemka mtoto aliponyamaza.

Ann alisimama na mwiko mkononi, akasikiliza. Kutoka jiko la kuni hadi nyumba kubwa ni hatua ishirini tu, na kwa wiki nne kilio cha mtoto huyo kilikuwa kikivuka uani, kikipita migomba, kikifika hadi kwa majirani ng'ambo ya mfereji. Kilio cha tumbo mnakijua wenyewe mliolea. Mtoto anakunja magoti, uso unaiva, ngumi zinakaza, na hakuna la kumwambia akasikia. Sasa kimya. Ann aliacha sufuria motoni akakimbia.

Alimkuta mwanawe Kananu amelala chali kitandani, macho wazi, ametulia tuli. Fulana ilikuwa imepandishwa hadi kifuani na tumbo lilikuwa linang'aa. Ann akaligusa. Mafuta ya mbarika, tena yana joto la kiganja. Chumba kizima kilinuka ugoro.

"Baba Kananu?" aliita. "Umerudi?"

Mumewe, Misheck, hakuwa amerudi. Alikuwa sokoni Mitunguu akipakia ndizi kwenye lori, na alifika nyumbani giza likiingia.

Ngoja niwaeleze ilivyoanza, maana ukisimulia nusu watu watamalizia nusu ya pili kwa uongo. Misheck alikuwa mtoto wa pekee wa bibi mmoja aliyeitwa Shosho Kananu, na Shosho Kananu ndiye aliyekuwa daktari wa matumbo ya watoto sehemu zile zote. Kina mama walimjia na watoto wanaopiga kelele, wakatoka na watoto wanaosinzia. Dawa yake haikuwa siri kubwa. Mbegu za shamari zilizotwangwa kidogo, majani ya nanaa, maji ya moto, ikipoa matone machache kwa kidole. Halafu mafuta ya mbarika viganjani, anasugua hadi yapate moto, anazungusha tumboni kwa mtoto, polepole, akiimba puani. Hakutoza mtu. Ukimpelekea ugoro alifurahi, usipompelekea pia alifurahi.

Ann aliposhika mimba, mama mkwe alikuwa akiligonga lile tumbo kwa kidole, anacheka. "Huyu ni mimi nakuja," anasema. Na kweli kwa mila ya Wameru msichana wa kwanza huchukua jina la mama wa baba yake. Lakini mimba ilipofika miezi saba bibi aliumwa kifua siku tatu, ya nne akafa. Wakamzika hapohapo nyuma ya migomba. Misheck hakudondosha chozi hata moja. Alifunga jiko la mama yake kwa kufuli, akakataa kigoda kisigawiwe, akakataa kopo la dawa lisiguswe. Mtoto alipozaliwa akampa jina, akambeba kifuani, akamwita "mama". Wanaume wengi kule huwaita hivyo mabinti waliobeba majina ya mama zao, ni kawaida. Ila huyu alikuwa akilitamka neno hilo macho yamefumbwa.

Kisha tumbo likaanza. Kila siku saa kumi na moja jioni hadi saa tatu. Dawa ya chupa ya duka la dawa haikusaidia. Siku gesi ilipoisha kwenye mtungi, Ann, aliyekuwa hajalala usingizi wa maana mwezi mzima, alitwaa ufunguo, akafungua lile jiko, akawasha moto katikati ya mafiga ya marehemu, akachemsha dawa ya marehemu kutoka kopo la marehemu. Nani atamlaumu? Mimi simlaumu.

Usiku ule alimwambia mumewe kwa sauti ya chini. Misheck alisimama juu ya kitanda cha mtoto, akavuta harufu ya hewa kwa pua. Midomo ikamcheza.

"Ni mama," alisema.

"Usiseme hivyo. Aki Misheck, usiseme hivyo."

"Ni ugoro wake, Ann. Kwani mimi siujui?" Alikuwa anatabasamu. "Amekuja kumwona mtu wake. Wacha amwone."

Basi wakaacha. Jioni ya pili Ann akiwa anakamua ng'ombe alisikia kutoka chumbani viganja vikisuguana, shwa, shwa, shwa, na mtu akiimba puani. Alipoingia hakukuwa na mtu. Mtoto alikuwa anaangalia juu ya bega la mama yake, anacheka na pembe ya chumba. Jioni ya tatu vivyo hivyo. Ya nne, Misheck alirudi mapema makusudi, akakaa kwenye kiti mlangoni na kofia mapajani, kimya, kama yuko kanisani. Majirani walisema, hongera, mtoto wenu ametulia. Ann aliitikia asante. Mungu amsamehe, siku hizo za kwanza hata yeye alishukuru, maana alilala.

Lakini mtoto mzima hulia. Hulia akiwa na njaa, hulia akilowa, hulia bila sababu kutaka tu kubebwa. Kananu aliacha kulia kabisa. Alilala tangu magharibi hadi jua la saa nne, na Ann akimpa ziwa analitema, tumbo limeshajaa kitu kingine. Mdomo wake ulinuka shamari, na Ann tangu siku ile ya kwanza hakuwa amempa hata tone. Mapaja yalianza kuwa na mikunjo ya kizee. Na kwenye tumbo, ukilipapasa, kulikuwa na sehemu mbili za baridi, ubavu huu na ubavu huu, upana wa kiganja cha mtu mzima.

"Anakonda," Ann alisema.

"Mama amelea watoto wa tarafa nzima," Misheck alijibu. "Hajawahi kuua hata mmoja."

"Alikuwa hai, Misheck!"

Mumewe alichukua kofia yake, akatoka.

Siku ya tisa Ann alikwenda kukata majani ya ng'ombe, akamwacha mtoto amelala ndani na mlango ameutia kufuli, na aliporudi kufuli lilikuwa palepale, ufunguo uko kwenye fundo la leso yake, akafungua, akakuta kitanda kitupu na shuka limekunjwa pembe kwa pembe vile ambavyo yeye hakulikunja, na harufu ya ugoro imejaa humo, akatoka mbio, akazunguka zizini, kwenye tangi la maji, chini ya migomba, akitaka kuita na asiite kwa sababu jina la kuita lilikuwa moja na aliogopa ni nani ataitika, hadi alipouona moshi ukipenya kwenye bati la jiko ambalo siku hiyo hakuna mtu aliyeliwasha. Mlango ulikuwa nusu wazi. Ndani, mwanamke mzee alikuwa ameketi kwenye kigoda, amenyoosha miguu, amempa Ann mgongo, na mtoto amelazwa kwenye mapaja yake vile wazee wanavyolaza watoto kuwakanda, na yule mzee alikuwa akichovya kidole kwenye sufuria na kukitia mdomoni mwa mtoto, anachovya, anatia, anachovya, anatia, bila kungoja mtoto ameze, na dawa ilikuwa ikitiririka shavuni, shingoni, hadi sakafuni, na tumbo la mtoto limetuna na limekaza, na bado kidole kinarudi kwenye sufuria, na moto kwenye mafiga ulikuwa mkubwa kabisa lakini hautoi joto.

Ann alimrukia mtoto. Mikono ya yule mzee haikumpiga wala haikumvuta. Ilimshika mtoto taratibu, kwa upole, na haikuachia. Ndicho kilichomtisha kuliko vyote, ule upole. Uso ulipogeuka ulikuwa wa mama mkwe wake kila kitu, hadi pengo la meno mawili, na ulikuwa umelowa machozi, na haukumtazama Ann hata kidogo. Ulimtazama mtoto tu. Ann alimng'oa Kananu kwa nguvu zake zote, akakimbia naye hadi barabarani bila viatu.

Hakurudi nyumbani. Alikwenda Meru mjini kwa Luul. Luul ni mama wa Kisomali mwenye duka la viungo na ubani, na kwa miaka ishirini ndiye aliyemuuzia Shosho Kananu shamari. Walikuwa marafiki wa kweli. Luul alimtazama mtoto, akamfunua tumbo, akaweka mkono pale penye baridi, akauondoa haraka.

"Astaghfirullah. Mliwasha jiko lake?"

"Niliwasha."

"Mkachemsha dawa yake, kwa ajili ya mtoto mwenye jina lake." Luul alitikisa kichwa. "Sasa mlitaka afanye nini, mwanangu? Asiitike?"

Akampigia Misheck simu yeye mwenyewe. Misheck alifika Meru jioni ile, na wakazungumza watatu nyuma ya duka, katikati ya magunia.

"Sisi tunasema aliyekufa harudi," Luul alisema. "Lakini kila mtu amezaliwa na jini wake, karini. Anakaa naye maisha yote, anajua sauti yake, mikono yake, kazi yake. Mtu akifa, yeye anabaki. Huyo mlimfungulia mlango. Anajua kutuliza watoto na hajui kuacha, kwa sababu aliyekuwa anamwambia imetosha amezikwa. Mimi nitasoma Kurani. Lakini jina ni lenu, siwezi kulitoa mimi. Uzimeni moto na mumvue mtoto jina."

"Jina la mama yangu?" Misheck aliuliza. "Nikilitoa, mama atakuwa amebaki wapi?"

"Misheck," Ann alisema, na sauti yake haikupanda hata kidogo. "Una Kananu wawili. Mmoja amekufa. Angalia huyu wa pili vizuri."

Alimtazama. Sijui kama alikuwa hajamtazama siku zote hizo au alikuwa hataki kuona. Mtoto wa wiki nane, na shingo yake haikuwa na unene wa kifundo cha mkono wa baba yake. Misheck alikaa kwenye gunia, akafunika uso. Kisha akasema, "Mpigie mama yako, umuombe jina lake."

Mama yake Ann, aliyeko Nkubu, anaitwa Nkirote. Kwa zamu, jina lake lilikuwa la msichana wa pili. Alitoa bila kuuliza neno.

Kesho yake, saa kumi na moja kamili, walikuwa wote kwenye jiko la marehemu. Luul alifukiza ubani, akafungua msahafu, akaanza kusoma chinichini. Ann alimpakata mtoto mlangoni. Misheck alipiga magoti mbele ya mafiga na ndoo ya maji, na Luul alikuwa amemwonya: chochote utakachosikia, usikijibu. Taja jina jipya mara tatu, umwage maji, basi.

Kwanza vilikuja viganja. Shwa, shwa. Kisha makaa yaliyokuwa majivu yakawaka yenyewe, na ugoro ukaingia, na ubani wote wa Luul haukuweza kuufunika.

"Huyu mtoto anaitwa Nkirote," Misheck alisema.

Viganja vikasita.

"Misheck." Sauti ilitoka karibu kabisa na sikio lake, ya kawaida, yenye mkwaruzo wa ugoro. "Nimekosa nini?"

Ann anasema aliuona mgongo wa mumewe ukijipinda kama aliyechomwa. Luul alisoma kwa nguvu zaidi.

"Huyu mtoto anaitwa Nkirote."

"Nilikuwa namtuliza tu, mwanangu. Alikuwa analia. Sasa nitaitwa na nani?"

Maji ya ndoo yalikuwa yakimmwagikia Misheck magotini. Alifungua mdomo. Ann alidhani atajibu, na mtoto mikononi mwake alikuwa baridi tangu miguu hadi kitovuni, na anamtazama baba yake bila kupepesa.

"Huyu," alisema, "anaitwa Nkirote." Akamwaga maji.

Moshi ulijaa jikoni. Ulipotoka kupitia mlangoni, mtoto alivuta pumzi moja ndefu, akakunja magoti, uso ukaiva, akapiga ukelele wa tumbo ambao ng'ambo ya mfereji waliusikia. Ann alilia naye, anacheka na kulia pamoja, anamtafutia ziwa. Mtoto alilishika kwa njaa ya siku kumi.

Misheck alimfuata Luul hadi barabarani. "Alikuwa yeye?"

"Karini, mwanangu. Nimeshakwambia."

"Lakini wewe ulimjua. Ile sauti. Alikuwa yeye au si yeye?"

Luul alipangusa macho kwa ncha ya ushungi wake. "Shika hilo nililokwambia," alisema. "Lishike hilohilo."

Nkirote alilia kila jioni wiki nne nyingine, na wazazi wake walipokezana kumbeba wakizunguka uani, bila dawa, bila mafuta. Kisha jioni moja hakulia. Walikesha wakinusa hewa. Hakukuwa na harufu yoyote. Kesho yake hakulia, wala keshokutwa, na alikuwa akinyonya na kunenepa.

Wakampeleka kliniki kwa chanjo ya wiki kumi na nne. Muuguzi, msichana mchangamfu aliyehamia kutoka Embu, alifungua kijitabu akaona jina la kwanza limekatwa kwa kalamu na lingine limeandikwa juu. Alimpima mtoto, akasifu uzito.

"Na tumbo? Mama mmoja hapo nje ameniambia huyu alikuwa anawasumbua sana."

"Ameacha," Ann alisema. "Wiki mbili sasa."

"Eh, hivyo ndivyo walivyo. Wakifika miezi mitatu, minne, inaisha yenyewe."

Misheck aliinua kichwa. "Bila dawa?"

"Hata ukikaa tu, baba. Ni kungoja."

Alitoka nje. Mazishini hakulia, na siku ile jikoni hakulia. Alikaa kwenye benchi la kliniki katikati ya kina mama na watoto wao, akainama, akalia kwa sauti, na wanawake wakasogea kidogo kumpa nafasi.