Mluzi wa Baba Kwenye Wimbo wa Elikana

Mama Vaileth, jirani yetu hapa Zombo, anasema aliusikia wimbo huo kule Kidodi kwenye spika ya duka: reggae, mchumba wangu Elikana anaimba mahindi yameliwa, mara mluzi wa baba yangu, Mzee Shimba, uleule wa kuitia ng'ombe. Anasema watu waligeuka wote: "Kumbe anayelishia mifugo mashambani kwetu ni Shimba!"

Maneno ya Mama Vaileth huwa nayapunguza nusu. Ila baba naye alishasikia.

"Huyo mchumba wako," akaniambia, "asikanyage hapa."

Nikampigia Elikana.

"Mluzi wa baba umeutoa wapi?"

"Niliurekodi siku ile nilipokuja kwenu. Ulinipendeza, Kashindye."

"Ukauweka palepale pa mahindi?"

"Nilitaka ng'ombe wasikike wanakuja. Wimbo wenyewe unamsema aliyewauzia wakulima na wafugaji bonde moja. Sikiliza ubeti wa tatu."

"Nani anafika ubeti wa tatu? Kwetu kila mchungaji ana mluzi wake, Eli. Ng'ombe wanaujua, watu wanaujua. Umemtaja baba kwa jina."

Yeye ni wa Vidunda, kule mlimani, kwao jembe na kanisa. Mluzi kwake ni mluzi tu.

"Nitaufuta."

"Uko kwenye simu za watu, utafuta ngapi? Umemchafua hadharani, msafishe hadharani."

"Mashabiki watanicheka."

"Basi oa mashabiki."

Jumamosi akaimba Mikumi, akirusha moja kwa moja mtandaoni. Mama Vaileth mwenyewe ndiye aliyekuja mbio na simu yake. Kabla ya kuimba, Elikana alinyamazisha gitaa.

"Mluzi mnaousikia humu ni wa Mzee Shimba wa Zombo. Ng'ombe wake hawajala shamba la mtu. Naye alilipia bonde lilelile, naye akafukuzwa. Nimekosea mimi, mshamba wa mlimani."

"Piga ngoma, rasta, mahubiri Jumapili!" mmoja akapaza sauti.

Wakacheka kweli. Akaimba hivyohivyo.

"Mh," Mama Vaileth akaguna. "Mimi nilisema tangu mwanzo Shimba hahusiki."

Asubuhi ukaingia ujumbe. Nikamsomea baba zizini:

"Shikamoo mzee. Nilikukosea, na nimekiri mbele ya watu. Naomba ruhusa nilete wazee wangu kwako."

Baba akasikiliza mpaka mwisho. Akaichukua simu, akaitazama, akanirudishia.

"Nimjibu nini, baba?"

Akafungua zizi, akatoka na ng'ombe.

Nikabaki na simu mkononi. Elikana anaonekana yuko hewani, anasubiri jibu nisilokuwa nalo.