Chupa Mia Sita za Dawa ya Watoto

Wazazi wenzangu, na ninyi vijana mnaosomea biashara, nyumba ninayotaka kuwasimulia ilikuwa nyumba ya kuonewa wivu. Mume alikuwa mwalimu wa somo la biashara katika shule ya sekondari, mtu wa shati lililonyooshwa hadi makunyanzi yakakoma. Mke alikuwa na duka la dawa katika chumba cha mbele cha nyumba yao, na mtaa mzima ulimwita Mama Dawa. Alisomea kazi hiyo, cheti chake kilining'inia ukutani, na hakuna mtu aliyewahi kutoka kwake na dawa bila kuelezwa mara mbili namna ya kuitumia.

Mchana mmoja Mwalimu aliwaleta wanafunzi wake waone kwa macho yale aliyowafundisha darasani. Walijibana mbele ya kaunta, wengine miguu ikabaki barabarani. Mama Dawa akawatolea kadi zake za stoo. Kila dawa ilikuwa na kadi yake: iliyoingia, iliyotoka, iliyobaki, na tarehe ya kuisha muda.

"Mzigo mpya ukija, unawekwa wapi?" Mwalimu akauliza.

"Nyuma!" wakaitikia.

"Kwa sababu gani?"

"Ili unaoisha muda mapema utoke kwanza!"

"Na kuwekeza ni nini?"

Binti mmoja akasimama wima. "Ni kuiweka pesa mahali baada ya kupima faida na hatari yake."

"Baada ya kupima, si baada ya kuota," Mwalimu akasema, na darasa zima likacheka. Mama Dawa naye akacheka. Alimtazama mumewe akajisemea moyoni kwamba ameolewa na mtu mwenye akili.

Basi kumbe akili ya mdomoni na akili ya mkononi hazikai chumba kimoja.

Hazikupita wiki mbili akaja mtu mmoja wa kusambaza dawa, mchangamfu, mwenye maneno matamu na begi la ngozi. Watu wa maduka walimwita Bwana Ofa. Alikuwa na chupa mia sita za dawa ya maji ya watoto, ile ya kutibu maambukizi ya kifua, na alitaka kuziuza zote kwa theluthi ya bei.

"Shemeji, hii ni bahati," alimwambia Mama Dawa. "Nimekufikiria wewe kwanza."

Mama Dawa aligeuza chupa moja, akasoma tarehe. "Zimebakiza miezi saba."

"Miezi saba ni mingi!"

"Kwako wewe unayeondoka nayo pesa leo. Mimi nauza chupa kumi na mbili kwa wiki. Kwa miezi saba sifikishi mia tatu na hamsini. Hizo nyingine nizipeleke wapi, nioshee vyombo?"

Bwana Ofa akacheka, akafunga begi, akaaga. Mama Dawa akadhani yameisha. Hayakuisha. Bwana Ofa alikwenda moja kwa moja hadi langoni pa shule, akamngoja Mwalimu.

Jioni Mwalimu alirudi macho yanang'aa. "Mke wangu, unaiona theluthi ya bei? Hata tukiuza nusu, pesa yetu imerudi na faida juu. Huu ndio uwekezaji wenyewe."

"Hiyo ni bidhaa yenye siku za kuhesabika. Si kiwanja."

"Msimu wa baridi unakuja. Watoto watakohoa."

Mama Dawa aliweka chini kitabu alichokuwa akisoma. "Umesikia ulichosema? Unaomba watoto wa watu waugue?"

"Usinipindishie maneno. Mimi nafundisha hesabu hizi miaka kumi na minne."

"Basi zifanye. Kumi na mbili mara wiki ishirini na nane."

Hakuzifanya. Siku ya tatu alikwenda benki akatoa akiba yote waliyokuwa wameiweka kununua kiwanja, akiba ya miaka sita, akiba ambayo mwenzake alijinyima viatu ili ifike hapo. Hakumuuliza. Mama Dawa alijua gari dogo lilipoegeshwa mlangoni na vijana wakaanza kushusha maboksi kumi na mawili. Alisimama kizingitini akiyahesabu moja moja. Stoo ilikuwa imejaa, kwa hiyo maboksi yalirundikwa chumba cha uani, chini ya bati, mahali ambapo saa nane mchana hata mshumaa unajikunja. Alipolalamika kwamba dawa ile haitakiwi kukaa kwenye joto, Mwalimu alimjibu kwamba lawama hazijawahi kumtajirisha mtu.

Msimu wa baridi ulikuja mwepesi. Watoto, Mungu awazidishie, hawakuugua kwa wingi kama Mwalimu alivyopanga. Miezi saba ilipoisha, chupa mia mbili na themanini zilikuwa bado zimekaa, na zilizotoka zilikuwa zimeshushwa bei mno hata akiba ikarudi nusu tu. Mama Dawa alizipanga kwenye maboksi, akayaziba kwa utepe mpana, akaandika kwa wino mwekundu pande zote: ZIMEISHA MUDA, HAZIUZWI. Kwenye kadi akaandika vivyo hivyo.

Hapa na yeye alikosea, na sitamficha. Alipaswa siku ileile amwite mkaguzi wa dawa azichukue zikateketezwe. Lakini uchungu wa akiba yake ulimshika mkono. Alimpigia simu Bwana Ofa akitumaini angalau azichukue amrudishie nusu ya pesa. Simu ya Bwana Ofa ikawa haipatikani leo, haipatikani kesho. Wiki tano maboksi yakabaki uani.

Ndipo mama yake mzazi akaanguka bafuni akavunjika nyonga, na Mama Dawa ikambidi aende kumuuguza. Alifunga duka, akachukua funguo zote mbili. Hakujua kwamba Mwalimu alikuwa amekwisha kuchongesha ufunguo wa tatu.

Aliporudi baada ya siku kumi na moja, kitu cha kwanza alichokiona ni mlango wa duka kuwa wazi na mumewe kasimama nyuma ya kaunta, kavaa koti jeupe la kazi la mkewe.

"Karibu, mama," alisema Mwalimu, kicheko kimemganda usoni. "Nilikuwa nasaidia tu."

Mama Dawa aliweka mzigo wake chini. Alipita hadi uani. Utepe wa boksi moja ulikuwa umekatwa. Sakafuni palikuwa na vipande vya pamba vyenye madoa meusi, na chupa tupu ya dawa ya kufutia rangi ya kucha. Yeye kucha zake hazijawahi kuona rangi. Alipiga magoti, akahesabu. Mia mbili thelathini na tatu. Akahesabu tena. Mia mbili thelathini na tatu.

Alirudi dukani ameshika chupa moja ambayo mahali pa tarehe palikuwa peupe.

"Arobaini na saba," alisema. "Umewapa nani?"

"Wateja. Nimepunguza bei kidogo."

"Nakuuliza umewapa nani!"

"Nitawakumbukaje wote? Usipige kelele, watu wanapita."

"Wapite! Wasikie!"

"Dawa si nyanya, haiozi. Hizo tarehe wanaziweka wenye viwanda ili tununue nyingine. Kuna madhara gani? Mtu hawezi kufa kwa—"

Mama Dawa alimpiga kofi. Katika ndoa ya miaka kumi na mitatu hakuwahi kumnyooshea hata kidole. Kisha alivua kanga ya safari, akachukua daftari na mfuko, akatoka kwenda nyumba kwa nyumba.

"Mlinunua dawa ya kifua ya mtoto kwetu siku hizi? Nirudishieni. Msimpe tena. Mpelekeni hospitali leo hii." Nyumba ya kwanza walimrudishia chupa iliyobaki nusu. Ya pili mtoto alikuwa amepona mwenyewe. Ya tatu ilikuwa ya mshonaji, mama mjane aliyeshona sare za shule kwenye kibaraza chake. Cherehani ilikuwa imefunikwa shuka na mlango umefungwa kufuli.

"Fundi yuko hospitali siku ya nne leo," jirani akasema. "Yule mtoto wake mdogo. Kifua."

Mama Dawa alikwenda kwa miguu, kwa sababu hakukumbuka kwamba kuna vyombo vya usafiri. Katika wodi ya watoto alimkuta Fundi ameketi kwenye kiti cha plastiki, bado na tepu ya kupimia shingoni. Mtoto wa miaka mitatu alikuwa kitandani, mbavu zinaingia na kutoka, na ubavuni mwake umetoka mrija unaonyonya usaha.

"Mama Dawa," Fundi alisema, na machozi yakamtoka kwa faraja ya kuona uso anaoujua. "Nilimpa kijiko asubuhi, kijiko jioni, kama Mwalimu alivyoniambia. Siku tano. Sikukosa hata kijiko kimoja. Daktari ananiuliza nimechelewa nini. Nimechelewa nini mimi?"

Sikieni ninyi. Mwanamke huyu alikuwa anajilaumu! Siku nne alikuwa amekaa pale akijichimba mwenyewe, akijiuliza kosa lake ni lipi, na mwenye kosa yuko kauntani anapunguza bei.

Mama Dawa angeweza kunyamaza. Hakuna aliyejua ila yeye na mumewe. Alisimama pale, mfuko wa chupa mkononi, na kwa mara ya kwanza aliogopa kwa ajili yake mwenyewe: cheti, duka, jina. Halafu mtoto akakohoa.

"Hukuchelewa, dada," alisema. "Dawa uliyouziwa ilikuwa mbovu. Ilikwisha muda, ikapikwa na jua, na mume wangu akafuta tarehe. Nguvu yake imekwisha. Ulikuwa unampa maji matamu."

Fundi aliivua tepu shingoni, akaikunja. Kisha akasema polepole, kana kwamba anahesabu mishono, "Toka. Toka kabla sijainuka."

Mama Dawa alitoka, lakini hakwenda nyumbani. Alimtafuta daktari, akamwekea chupa mezani, akamweleza yote. Kutoka hapo alikwenda kwa mkaguzi wa dawa na kadi yake ya stoo, halafu polisi. Mwalimu alikamatwa kesho yake asubuhi akiwa darasani, mbele ya wanafunzi walewale.

"Umenimaliza," alimwambia mkewe kituoni. "Mke gani anamchongea mumewe?"

"Mimi nina watu arobaini na saba wa kuwajibu," Mama Dawa alisema. "Wewe ni wa arobaini na nane. Subiri zamu yako."

Chupa thelathini na nane zilipatikana. Tisa hazikupatikana hadi leo. Mtoto wa Fundi alitolewa mrija baada ya siku kumi na moja, akapona, ila pafu moja halijarudi lilivyokuwa, na akikimbia na wenzake hubaki nyuma akishika kiuno kama mzee. Mwalimu alifungwa miaka mitatu na kufutwa kazi. Duka lilipigwa lakiri. Mkaguzi alimwambia Mama Dawa waziwazi, "Hukufuta tarehe wewe, lakini wiki tano uliiweka sumu ndani ya nyumba ukingoja urudishiwe pesa." Alinyang'anywa leseni, na hakubisha. Siku hizi anafua mashuka katika hospitali ileile kwa ujira wa siku, anahudumia mama yake, na kila mwisho wa mwezi humpelekea Fundi nauli ya kliniki ya mtoto. Fundi huipokea. Hajamsalimia tangu siku ile.

MAFUNZO

Ninyi mnaosoma biashara, msiniambie mmefaulu kwa kuwa mmeandika maana ya uwekezaji bila kukosea nukta. Mwalimu aliiandika ubaoni miaka kumi na minne. Nunua kiasi unachouza, wala si kiasi unachotamani kuuza. Soma tarehe kabla ya kusoma bei. Anayekuuzia kwa theluthi muulize kwanza anakimbia nini. Akiba ya wawili haiguswi na mmoja, hata awe na shahada ukuta mzima. Na hasara ikikupata, ipokee ikiwa bado ni hasara ya pesa. Mali iliyoharibika itupe siku hiyohiyo ingawa roho inauma, maana ukiiweka pembeni ukiihurumia, atapatikana mtu wa kuitafutia mnunuzi. Huyo mnunuzi atakuwa mtu anayekuamini.

Na ninyi wazazi, acheni kuona haya kuuliza dukani. Chupa isiyo na tarehe usiilipie, usiipokee, usitishwe na "mbona unatushuku". Irudishe juu ya kaunta na upaze sauti hadi wa nje wasikie.